Matunzo ya Muda Mrefu ya Wazee na Nafasi ya Afisa Ustawi wa Jamii: Mfano wa Kagugu, Kigali

Ikisiri

Wazee wengi nchini Rwanda huzeekea nyumbani, si katika makao maalumu. Makala haya yanaeleza kazi ya afisa ustawi wa jamii katika matunzo ya wazee hao, yakichukua mfano wa Kagugu, seli iliyomo katika sekta ya Kinyinya, wilaya ya Gasabo, jijini Kigali. Inaelezwa kwamba ruzuku, bima ya afya na watu wa kujitolea vipo, ila vimejengwa juu ya matukio: kuandikishwa, kulipwa, kulazwa, kuruhusiwa. Uzee una mwendo mwingine. Mzee anayehitaji kulishwa na kuogeshwa leo atahitaji hayo kesho na mwaka ujao, na katika mpangilio uliopo ni vigumu kumtaja mtu mmoja ambaye kazi yake ni kubaki naye muda wote huo. Makala yanaonyesha pengo hilo liko wapi na afisa ustawi wa jamii anaweza kuliziba kwa kazi zipi.

Istilahi muhimu: matunzo ya muda mrefu, ustawi wa jamii, wazee, tiba shufaa, Rwanda

1.0 Utangulizi

Wanaoijua Kagugu kwa mbali huijua kwa ajili ya watoto. Shule yake ya msingi ilikuwa miongoni mwa za kwanza nchini kupokea kompyuta ndogo za wanafunzi, mwishoni mwa muongo wa kwanza wa karne hii. Wazee wa Kagugu hawajapata kutajwa hivyo, ingawa sehemu moja ya seli hiyo, Batsinda, ina historia inayowahusu moja kwa moja. Mnamo 2007 na 2008, jiji lilipokuwa likiubomoa mtaa wa watu wa kipato cha chini wa Kiyovu, karibu na katikati ya mji, baadhi ya wakazi walihamishiwa Batsinda katika nyumba zilizojengwa kwa ajili yao. Walioondoka Kiyovu waliacha nyuma vibanda, lakini waliacha pia wateja wa biashara ndogondogo, majirani wa miaka mingi na njia ya kwenda kazini kwa miguu. Aliyekuwa na umri wa miaka 50 siku alipokabidhiwa ufunguo sasa anakaribia 70.

Tangu hapo Kagugu imekua kwa kasi. Nyumba za kifahari zimepanda vilima pamoja na vyumba vya kupanga, na bei ya kiwanja imekuwa jambo la kuzungumzwa kila siku. Katika mazingira hayo kuna aina mbili za wazee ambao haifai kuwachanganya. Yupo mzee maskini anayeishi peke yake au na wajukuu. Yupo pia mzee wa nyumba kubwa yenye geti, ambaye watoto wake hutoka alfajiri kwenda kazini na kumwacha na mfanyakazi wa nyumbani wa umri wa miaka 19. Wa kwanza anaweza kuonekana katika orodha ya wenye uhitaji. Wa pili haonekani katika orodha yoyote, kwa kuwa si maskini.

Sensa ya 2022 ilionyesha kwamba watu wenye umri wa miaka 60 na zaidi ni takriban asilimia 6.5 ya Wanyarwanda, na kwamba matarajio ya kuishi yamefikia miaka 69.6. Asilimia hiyo ni ndogo, na huenda ndiyo sababu suala hili halijapata uzito. Hata hivyo, vizazi vinavyofuata ni vikubwa zaidi na vinaishi muda mrefu zaidi.

2.0 Jina la kazi

Kiswahili, ambacho ni lugha rasmi nchini Rwanda tangu 2017, kina maneno kadhaa katika uwanja huu, na kila moja huja na mtazamo wake. "Kulea" hutumika sana, kama katika "makao ya kulelea wazee", lakini ni neno la mtoto. Humwondolea mzee mamlaka juu ya maisha yake kabla hajaulizwa. "Kuuguza" humfanya mgonjwa, na uzee si ugonjwa. "Kuhudumia" linafaa, ila linatumika pia kwa mteja wa benki. Makala haya yanachagua "matunzo", kwa sababu kitu kinachotunzwa ni kitu chenye thamani na kisichoharakishwa. Kinyarwanda kina neno ambalo Kiswahili hakina mwenzake wa karibu, amasaziro, yaani namna mtu anavyoumaliza uzee wake. Husemwa amasaziro meza, uzee uliotunzwa vyema. Neno hilo linautazama uzee kama kipindi chenye urefu, si kama hali, na kwa hiyo linaeleza matunzo ya muda mrefu vizuri kuliko istilahi nyingi za kitaaluma.

Methali ya penye wazee haliharibiki neno humheshimu mzee akiwa mshauri. Haisemi lolote kuhusu mzee asiyekumbuka tena jina la mwanawe.

3.0 Familia iliyotegemewa

Sheria ya Rwanda inayohusu watu na familia inawawajibisha watoto kuwasaidia wazazi wao wenye uhitaji, na Katiba, katika ibara ya 51, inaipa Dola wajibu wa kuchukua hatua maalumu kwa ajili ya wasiojiweza na wazee, kwa kadiri ya uwezo wake. Mpangilio unaodhaniwa hapa unaeleweka: familia kwanza, Dola baadaye. Shida ni kwamba nchini Rwanda familia yenyewe ilivunjwa. Mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya 1994 yaliwaua watu ambao leo wangekuwa na umri wa miaka 40, 50 na 60, yaani umri ule ule wa wanaowatunza wazazi. Wanawake wengi walionusurika waliwalea yatima wa ndugu zao wakati ambapo wangekuwa wakijiandaa kwa uzee wao. Wengine walirudi kutoka Tanzania, Uganda, Burundi na Kongo baada ya miongo ya ukimbizi, wakaanza upya bila ukoo wa karibu.

Kwa walionusurika ambao watoto wao wote waliuawa, walioitwa zamani incike na sasa huitwa kwa heshima Intwaza, nchi ilikubali kuacha kanuni ya nyumbani kwanza. Shirika la Unity Club Intwararumuri, likishirikiana na wadau wakiwamo chama cha wajane cha AVEGA Agahozo, lilisimamia ujenzi wa makao ya Impinganzima katika Huye, Nyanza, Bugesera na Rusizi. Humo Intwaza wanaishi pamoja, wakiwa na chakula, watunzaji na huduma ya afya. Ni mfano mzuri, na ni wa pekee: ulitokana na msiba usio na kifani, na haukukusudiwa kuwa njia ya kila mzee. Mzee wa Kagugu ambaye wanawe wako hai lakini wako Dubai au Kampala hastahili kuingia Impinganzima, wala haipo sababu ya kutaka aingie. Anahitaji kitu kingine.

4.0 Fedha, bima na orodha

Mpango wa Vision 2020 Umurenge, maarufu kwa kifupi VUP, ulianza 2008 katika sekta 30, moja kwa kila wilaya, kisha ukapanuliwa. Sehemu yake ya msaada wa moja kwa moja huzilipa kaya maskini zisizo na mtu mzima mwenye nguvu za kufanya kazi, na wazee ni kundi kubwa miongoni mwa wanufaika. Kwa viwango vilivyotumika kwa miaka mingi, kaya ya mtu mmoja ilipata faranga 7,500 kwa mwezi, na kaya ya watu watano au zaidi ilipata 21,000. Kwa mzee anayeishi peke yake hizo ni faranga 250 kwa siku. Zinanunua chakula kiasi. Hazimlipi mtu wa kumchotea maji.

Jambo la kuangaliwa zaidi ya kiasi ni kipimo. Kinachopimwa ni kaya, si mtu. Kwa miaka mingi kipimo kilitokana na madaraja ya Ubudehe. Sasa serikali inatumia mfumo wa kidijitali wa taarifa za kaya uitwao Imibereho. Mifumo yote miwili humwona mzee kupitia nyumba anamoishi. Chukua mfano wa kubuni wa bibi wa Batsinda mwenye nyumba yake, aliyeandikwa pamoja na mwanawe wa miaka 35 ambaye ni fundi ujenzi na hulala huko anakopata kazi. Kwenye rekodi, kaya hiyo ina nyumba na ina mtu mwenye nguvu. Ndani ya nyumba kuna mwanamke mmoja mwenye shinikizo la damu na jiko baridi. Hakuna aliyedanganya, na rekodi ni sahihi kwa kila mstari.

Bima ya afya ya jamii, mutuelle, nayo huhesabu mchango kwa kaya. Imewafikia Wanyarwanda wengi mno, na ni haki kusema kwamba pengine hakuna mpango mwingine uliowasaidia wazee maskini kiasi hicho. Lakini mzee ambaye jina lake limo katika kaya ya mtoto aliyechelewa kulipa anaweza kujikuta mlangoni mwa kituo cha afya bila kinga, hata kama fungu lake mwenyewe analo mfukoni. Tena bima ni ya matibabu. Kumgeuza mgonjwa wa kiharusi kitandani kila baada ya saa chache, ili asipate vidonda, si matibabu kwa maana ya bima. Hufanywa na binti au mjukuu, au halifanyiki.

Pensheni ya Shirika la Hifadhi ya Jamii la Rwanda huwahusu hasa waliokuwa na ajira rasmi, na akiba ya EjoHeza, iliyoanzishwa mwishoni mwa 2018 kwa ajili ya wasio na mshahara, itawafaa zaidi wanaoweka leo. Aliyekuwa muuza mboga Kiyovu mwaka 1998 hakuwa na mojawapo.

5.0 Kazi yenyewe

Katika ngazi ya seli yupo afisa wa maendeleo ya jamii na uchumi, ambaye wakazi humwita kwa kifupi SEDO. Ngazi ya sekta ina afisa wa masuala ya jamii. Chini yao, kila kijiji, yaani umudugudu, kina wahudumu wa afya ya jamii pamoja na Inshuti z'Umuryango, marafiki wa familia, wawili kwa kila kijiji, mwanamume na mwanamke. Hao marafiki wa familia walianzishwa kwa ajili ya ulinzi wa watoto, baada ya serikali kuamua kuwatoa watoto katika makao ya yatima na kuwarudisha kwenye familia. Kwa watu wa kujitolea, mtandao huu ni mpana kuliko wa nchi nyingi.

Hata hivyo afisa wa seli hushughulika pia na ruzuku, bima, vikundi vya akiba, takwimu na lolote litakaloletwa na barua ya juma hilo. Mzee humfikia afisa akiwa na jambo la kuandikisha, na jambo likiisha kuandikishwa, mzee hutoweka machoni pake. Afisa ustawi wa jamii mwenye taaluma angeanza pale ambapo uandikishaji unaishia.

Ziara ya kwanza nyumbani ndiyo msingi wa yote. Maswali yake ni ya kawaida, na hayamo katika fomu ya kipato. Nani anawasha moto? Choo kiko umbali gani, na usiku mzee anakwendaje? Dawa zinawekwa wapi, na anayezisoma ni nani? Nani analala katika nyumba hii? Simu iko kwa nani? Swali la mwisho lina uzito wake, kama lilivyo swali la nani amepewa idhini ya kwenda kuchukua ruzuku kwenye Umurenge SACCO. Mara nyingi mtu huyo ndiye mtunzaji bora wa mzee. Wakati mwingine ndiye anayemla. Tofauti hiyo haionekani kwa ziara moja; huonekana ya tatu au ya nne, mzee anapozoea kuzungumza bila kumtazama kwanza aliyesimama mlangoni.

Hapo ndipo mipaka ya mtu wa kujitolea inapojitokeza. Rafiki wa familia ni jirani. Ujirani humfanya ajue mapema kwamba mzee hajafungua dirisha tangu asubuhi, jambo ambalo afisa wa sekta hawezi kulijua. Ujirani huo huo humfanya mzee anyamaze kuhusu mwanawe, kwa kuwa neno likitoka litazunguka kilima kizima kabla ya jioni. Mtu anayefungwa na maadili ya taaluma, tena asiye wa ukoo wala wa mtaa, anaweza kuambiwa yasiyosemeka. Basi jirani na mwanataaluma hawabadilishani nafasi. Mmoja huona, mwingine husikia.

Mambo yasiyosemeka Kagugu mara nyingi huhusu ardhi. Zamani wazazi walitarajiwa kuwagawia watoto umunani, sehemu ya shamba ya kuanzia maisha, na sheria ya 1999 iliutaja kama sehemu ya wajibu wa wazazi. Sheria ya 2016 haikuendeleza ulazima huo. Desturi, hata hivyo, haikufutwa na gazeti la serikali, na kiwanja cha Kigali kina thamani ambayo shamba la zamani halikuwa nayo. Mzazi anayeombwa "agawe mapema" huenda anaombwa kuuza paa lake. Afisa hapaswi kuwa hakimu wa ugomvi huo. Wapo wapatanishi wa Abunzi, na zipo mahakama. Kazi yake ni kuhakikisha kwamba mzee anaijua haki yake kabla ya kutia kidole gumba, na kuitisha kikao cha familia ambamo suala la matunzo linazungumzwa mbali na suala la hati. Kikao chema humalizika kwa majina na siku: nani analipa bima, nani anakuja Jumamosi, nani anampokea mama binti akiugua.

Mahali pengine ambapo mzee hupotea ni siku ya kuruhusiwa kutoka hospitali. Kituo cha afya cha Kagugu hupeleka wagonjwa wenye hali nzito Hospitali ya Kibagabaga. Rwanda ilipitisha sera ya taifa ya tiba shufaa mwaka 2011, mapema kuliko sehemu kubwa ya Afrika, na Kibagabaga ilikuwa miongoni mwa hospitali za kwanza za wilaya kuitekeleza, chini ya uongozi wa Daktari Christian Ntizimira. Tiba shufaa ilileta somo ambalo linafaa nje ya saratani na nje ya siku za mwisho: timu huwa na muuguzi, daktari na mtu wa ustawi wa jamii pamoja, na hufuata mgonjwa nyumbani. Mzee wa kiharusi hana sababu ya kupata chini ya hapo. Lakini kwa kawaida yeye huondoka na karatasi ya dawa na tarehe ya kurudi. Hakuna aliyeuliza kama kitanda chake kiko chini, kama kuna ngazi mlangoni, au kama binti atakayemwogesha amewahi kuonyeshwa namna ya kumwinua bila kuumia mgongo. Simu moja kutoka kwa afisa wa hospitali kwenda kwa afisa wa sekta, siku mbili kabla ya kuruhusiwa, ingetosha kuanzisha mpango. Simu hiyo haihitaji bajeti mpya. Inahitaji mtu upande wa pili ambaye kazi yake ni kuipokea.

Mtunzaji naye ni mteja wa afisa, ingawa haandikwi popote. Ni mwanamke katika nyumba nyingi: mke, binti, mkwe au mjukuu wa kike aliyeacha shule. Katika nyumba za geti ni mfanyakazi wa ndani, aliyeajiriwa kupika na kufua, ambaye kazi yake ilibadilika siku mzee alipoanguka, bila mshahara kubadilika. Uchovu wa mtunzaji ni chanzo cha ukali na uzembe ambao baadaye huitwa ukatili. Kumpa mapumziko ya nusu siku kwa juma, kwa kupanga zamu na majirani wa isibo, kundi la kaya chache chini ya kijiji, kunaweza kuzuia madhara ambayo hakuna kesi itakayoyarekebisha.

Kalenda pia ina nafasi yake. Kuanzia tarehe 7 Aprili, katika siku 100 za kumbukumbu, wazee walionusurika hupatwa na majonzi na wengine na ihahamuka, mshtuko wa moyo na akili unaorudi kwa nguvu. Anayeishi peke yake asiachwe kwa ziara za kila mwezi katika kipindi hicho. Afisa anayemjua mzee kwa mwaka mzima hujua tarehe yake mahususi, siku ambayo watu wake waliuawa, na hujua kwamba siku hiyo ni bora kukaa tu.

6.0 Majirani na mafunzo

Nchi jirani zimeelekeza nguvu zaidi kwenye fedha. Zanzibar ilianza Pensheni Jamii mwaka 2016 kwa kila mwenye miaka 70 na zaidi, bila kupima umaskini. Kenya ina Inua Jamii kwa umri huo huo. Uganda ilianza ruzuku ya wazee kwa majaribio kuanzia 2010. Pensheni isiyopima kaya ingemfaa sana bibi wa mfano hapo juu, kwa kuwa ingemfuata yeye na si paa lake. Zanzibar ina pia makao ya serikali ya Sebleni na Welezo. Tanzania Bara ina Sera ya Taifa ya Wazee tangu 2003 na Chuo cha Ustawi wa Jamii tangu miaka ya 1970, hivyo jina "afisa ustawi wa jamii" lina mizizi huko kuliko lilivyo Rwanda.

Nchini Rwanda taaluma hii ilikua chuoni Butare baada ya 1994, ikikabiliwa na yatima, wajane na kaya zilizoongozwa na watoto. Ni jambo la kueleweka kwamba mtazamo wake ulimwelekea mtoto. Tangu 2011, mradi wa pamoja wa vyuo vya Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda, ukishirikiana na chuo cha Austria, ulichunguza hali ya taaluma katika ukanda huu na kuhimiza mitaala inayotokana na maisha ya Waafrika Mashariki. Uzee unastahili kuwa somo kamili katika mitaala hiyo, pamoja na mafunzo ya vitendo katika seli kama Kagugu, ambako mwanafunzi atakutana na Batsinda na nyumba za geti katika asubuhi moja.

Lipo tatizo la mwisho, dogo kwa sura. Maafisa huhamishwa. Anayemjua mzee, anayeijua familia na tarehe yake ya Aprili, hupelekwa sekta nyingine, na ujuzi huo huondoka naye ndani ya daftari lake au kichwani mwake. Mfumo wa Imibereho unahifadhi mali na watu wa kaya. Hauhifadhi nani analala ndani wala nani anachukua fedha. Jalada la mzee lingekuwa na kurasa chache tu: hali ya mwili na kumbukumbu, mtunzaji wa kwanza na wa pili, makubaliano ya kikao cha familia, dawa, mambo anayoyataka mzee mwenyewe kwa maneno yake, na tarehe ya ziara ijayo. Lingekaa sekta chini ya kufuli, likikabidhiwa kwa sahihi kutoka afisa hadi afisa, na afisa mpya angefanya ziara yake ya kwanza akiwa pamoja na yule anayeondoka.